Himaya au manyoya: ipi ikusaidie kumtambua mwewe mmoja mmoja?

Kwenye barabara ya kutoka Njoro kwenda Mau Narok, nchini Kenya, nguzo za umeme zimefuatana kando ya mashamba ya ngano na shayiri. Juu ya baadhi ya nguzo hizo, asubuhi jua linapoanza kupasha, hukaa ndege mwenye mgongo mweusi, kifua cheupe na mkia mwekundu wa rangi ya tofali. Ukimpita kila juma kwa mwaka mzima unaanza kumwona kama jirani. Halafu siku moja swali linakujia: huyu ni yuleyule wa mwaka jana, au ni mwingine aliyekuja kukaa pahali pake?

Kwa mtu asiye na vifaa vya maabara, kuna njia mbili za kulijibu. Ya kwanza ni himaya: unamjua ndege kwa eneo analolilinda, nguzo anazozipenda, mti wenye kiota chake na majirani anaogombana nao. Ya pili ni alama za mwili: mabaka, rangi ya koo, nyoya lililokatika, kidole kilichopotea. Watu wengi wanaoanza kuangalia ndege huchagua ya kwanza bila hata kujua kwamba wamechagua, kwa kuwa ni rahisi na inaonekana kama akili ya kawaida. Nami nilianza hivyo. Sasa nikiulizwa nasema: himaya ikuoneshe pa kumtafutia, lakini jina usimpe mpaka umeyaona manyoya yake. Acha nieleze sababu, pamoja na pale ambapo ushauri huu haufai.

Ndege ninayemzungumzia

Neno mwewe tumelitwisha mzigo mkubwa. Kwa wengi wetu kila mwenye kucha kali anayenyakua kifaranga uani ni mwewe, ingawa wazee walitenganisha mwewe, kipanga, kozi na tai. Hapa nazungumzia zaidi shakevale wa nyanda za juu, Buteo augur kwa jina la kisayansi, anayepatikana kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, hadi Zimbabwe. Chakula chake ni fuko, panya, mijusi na nyoka, kwa hiyo mkulima angetakiwa kumshukuru badala ya kumrushia mawe.

Shakevale ni ndege mzuri wa kujifunzia. Hajifichi. Hahami. Jozi moja huweza kushika eneo moja miaka na miaka, ikirudi kwenye kiota kilekile cha vijiti na kukitandika majani mabichi upya. Halafu hawafanani. Wapo walio weupe upande wa chini, na wapo walio weusi tititi kuanzia kooni hadi tumboni. Mweupe na mweusi huweza kuwa jozi moja bila shida. Hata katikati ya weupe kuna tofauti: majike wengi huwa na weusi kooni, wengine ukiwashuka hadi kifuani, wengine mabaka machache tu chini ya mdomo, wengine hawana kabisa. Kinda utamtambua mara moja, maana mkia wake ni wa kahawia wenye mistari, bado haujawa mwekundu.

Himaya inakupa nini

Siidharau njia hii hata kidogo. Haihitaji kamera. Haihitaji ndege awe karibu, wala jua liwe upande wako. Unahitaji daftari, penseli na subira. Chora barabara, korongo, miti mikubwa na nguzo. Kila unapomwona ndege tia nukta na saa, na akiruka chora mshale wa alikoelekea. Baada ya miezi mitatu minne nukta zitajikusanya mafungu mafungu, na katikati ya mafungu utaona nafasi ambazo hakuna anayekaa kwa amani. Hapo ndipo mpaka ulipo. Ukimwona mmoja anapaa juu huku akilia, na mwingine akapanda kutoka upande wa pili wakazungukana angani bila kugusana, tia alama mahali hapo. Mpaka mmoja ulioshuhudiwa ukigombewa una faida kuliko nukta thelathini za ndege aliyekaa tu.

Kuna ishara nyingine za ardhini: kinyesi cheupe kilichochirizika kwenye mwamba au chini ya nguzo, na vidonge vya manyoya na mifupa ambavyo ndege hawa huvitapika baada ya kula. Mchungaji anayepita hapo kila siku atakuonesha haya yote kwa dakika kumi. Mvulana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na korongo ninalolifuatilia alinionesha kiota ambacho nilikuwa nimekikosa kwa miezi miwili, na hakuwa na darubini.

Kwa maswali mengi himaya inatosha kabisa. Ukitaka kujua jozi ngapi zinaishi kati ya kijiji hiki na kile, au kama jozi hupungua pale mashamba yanapoongezeka, huhitaji kumjua ndege kwa sura. Munir Virani alipofanya utafiti wake wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Leicester kuhusu shakevale wa kusini mwa Ziwa Naivasha, akilinganisha uzazi wao katika ardhi zinazotumiwa kwa namna mbalimbali, swali lake lilihusu hasa jozi na mahali. Hilo ni swali la himaya.

Pale inapokudanganya

Fikiria shina la migomba nyuma ya nyumba. Lipo tangu enzi za babu, kila mtu analijua, na ukiulizwa utasema ni lilelile. Lakini mgomba unaoukata ndizi leo si ule wa mwaka juzi. Ule ulishakatwa ukaoza, na chipukizi likachukua nafasi yake pale pale.

Himaya ya mwewe iko hivyo. Pembeni mwa maeneo yaliyoshikwa huzurura ndege wazima wasio na eneo lao, wakingoja nafasi. Mwenye eneo akifa kwa sumu, akipigwa na umeme au akishindwa vita, nafasi yake huweza kujazwa kwa siku chache. Anayeingia hukaa kwenye nguzo zilezile, kwa sababu nguzo hizo ndizo zenye mandhari nzuri ya kuwindia. Hutumia kiota kilekile, kwa sababu mti huo ndio mrefu. Ukiwa unatambua kwa mahali tu, hutaona chochote kimebadilika.

Hili lilinipata. Kwenye korongo lenye mikaratusi nilikuwa na jozi niliyoiandika kwa miaka mitatu kama jozi moja: dume na jike walewale. Daftari langu lilisema jike huyo alipoteza makinda mwaka wa kwanza, akashindwa tena mwaka wa pili, kisha mwaka wa tatu akakuza mawili. Nilijenga hadithi nzima juu yake, kwamba amepata uzoefu. Nilipokaa kupanga picha za zamani nikaona koo. Katika picha za mwaka wa kwanza weusi umeshuka kutoka kidevuni hadi juu ya kifua kama kitambaa. Katika picha za mwaka wa tatu kuna vijistari vitatu tu chini ya mdomo, kisha weupe mtupu. Mkia ni mwekundu kamili katika picha zote, kwa hiyo haikuwa suala la ndege kukua. Walikuwa majike wawili. Yule wa kwanza alikwenda wapi, na lini, sitajua kamwe, na hilo linaniuma mpaka leo, maana katika nchi ambamo ndege hawa wanapungua, kutoweka kwa jike mzima aliyekuwa anazaa ndiyo habari kubwa kuliko zote. Mimi niliipita kwa sababu kiti hakikuwa kitupu.

Nasema wanapungua kwa sababu hilo limepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege mbuai zilizofanywa barabarani Kenya katika miaka ya 1970 na zile za miaka ya karibuni, uligundua kuwa spishi 19 kati ya 22 zilikuwa zimepungua, shakevale akiwa miongoni mwao. Vifo vinapofichwa na warithi, upungufu unaanza chini chini kabla ya himaya ya kwanza kubaki wazi.

Manyoya: alama gani zinadumu?

Ukiamua kutambua kwa mwili, kosa la kwanza la kuepuka ni kuzichukulia alama zote kuwa sawa. Mimi huzigawa kwa muda zinaodumu.

Zipo alama za maisha. Kwanza ni aina ya rangi, mweupe au mweusi. Ndege mzima habadiliki kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kisha kuna umbo la weusi kooni kwa majike, na doa jeusi lenye umbo la mkato lililo kwenye kiwiko cha bawa kwa chini, ambalo kwa mmoja huwa nene na kwa mwingine jembamba au limekatika vipande. Manyoya mapya huota yakiwa na mchoro unaokaribiana sana na wa yale yaliyodondoka, ndiyo maana unaweza kulinganisha picha za miaka mitano. Majeraha makubwa pia yamo humu: kidole kisichokuwepo, jicho lililoharibika, mguu ulioungana vibaya.

Zipo alama za umri. Mkia wa kinda hubadilika kuwa mwekundu, kifua chenye rangi ya maziwa ya chai husafika. Alama hizi ni nzuri kwa kukataa kuliko kuthibitisha: ndege aliyekuwa na mkia mwekundu mwaka jana hawezi kuwa yule unayemwona leo mwenye mkia wa kahawia.

Na zipo alama za msimu, ambazo wanaoanza huzipenda kupita kiasi. Nyoya lililovunjika ncha, pengo kwenye bawa, mkia uliopungukiwa nyoya la katikati. Zinaonekana kutoka mbali na zinamtofautisha ndege vizuri mno, lakini ni kama vazi. Kila bawa lina manyoya kumi marefu upande wa ncha, na jamii hii ya ndege huyabadilisha kwa mpangilio, kuanzia la ndani kabisa kuelekea nje. Pengo uliloliona mwezi huu katikati ya bawa litakuwa limesogea kuelekea nchani baada ya wiki kadhaa. Ukijua mpangilio huo, pengo lenyewe linakuwa msaada: unaweza kumfuata ndege kutoka juma hadi juma kwa kuangalia linavyosogea. Usipojua, utafikiri umepata ndege mpya. Ndege wakubwa pia hawamalizi kubadilisha manyoya yote katika mwaka mmoja, kwa hiyo katika bawa moja utaona manyoya mapya meusi yenye kung'aa kando ya makuukuu yaliyopauka, na mchanganyiko huo kwa miezi michache ni kama alama ya kidole.

Gharama ya njia hii ni kamera na muda. Simu peke yake haitoshi isipokuwa ukiiegemeza kwenye darubini ya miguu mitatu, na hata hapo ni kwa ndege aliyetulia. Kwa ndege anayeruka unahitaji lenzi ndefu, milimita 400 hivi, na kasi ya kamera isipungue sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Ongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka, la sivyo anga nyeupe itamgeuza ndege kuwa kivuli na weusi wote utafanana. Piga akiwa juu yako mabawa yamefunguka, kisha subiri ageuke umpate upande wa pili. Picha ya bawa la kushoto hailinganishwi na picha ya bawa la kulia. Nimetupa picha nyingi zilizopendeza kwa sababu hiyo.

Udhaifu wake? Shakevale mweusi. Hana mchoro wa koo wa kuusoma, kifua chake ni giza moja, na kwa ndege kama huyo unarudi kutegemea mapengo ya msimu na majeraha. Katika himaya mbili ninazozifuatilia zenye dume mweusi, sijawahi kuthubutu kusema ni yuleyule kwa zaidi ya mwaka mmoja mfululizo, isipokuwa mmoja aliyepoteza kidole cha nyuma cha mguu wa kushoto.

Njia zote mbili mbele ya ndege mmoja maarufu

Tofauti hii haijaonekana mahali popote waziwazi kama New York. Mwaka 1991 alionekana katika bustani ya Central Park mwewe kijana wa spishi ya Buteo jamaicensis, binamu wa shakevale wetu, naye akiwa na mkia mwekundu akikua. Kichwa chake kilikuwa kimepauka kuliko kawaida, kwa hiyo watazamaji wakampa jina la Pale Male, yaani dume aliyepauka. Alama ya mwili ilianza, himaya ikafuata: alijenga kiota kwenye ukingo wa jengo la makazi namba 927, Fifth Avenue, na kuanzia 1995 makinda yakaruka kutoka hapo. Desemba 2004 wenye jengo walikiondoa kiota, watu wakaandamana barabarani kwa siku kadhaa, na kabla mwezi haujaisha ikakubaliwa kirudishwe.

Kwa miaka mingi alama na mahali viliambatana vizuri. Majike wake walibadilika na watu walijua, kwa sababu waliwatazama kwa sura. Jike aliyeitwa Lola alitoweka mwishoni mwa 2010, na mapema 2011 palikuwa na jike mwingine kwenye kiota kilekile. Aliyeangalia jengo tu asingejua.

Lakini miaka ilisonga, watazamaji wa mwanzo wakapungua, na ndege aliendelea kuwa pale. Mei 2023 mwewe aliyeokotwa akiwa mgonjwa alikufa, ikatangazwa kuwa ni Pale Male. Kama ndiye, alikuwa na umri wa takriban miaka 33. Mwewe wa spishi hiyo mwenye umri mkubwa kuliko wote uliothibitishwa porini alivishwa pete yenye namba mguuni katika jimbo la Michigan mwaka 1981, akapatikana katika jimbo hilohilo mwaka 2011, akiwa na umri usiopungua miaka 30 na miezi 8. Kwa hiyo wapo waliosema haiwezekani, kwamba mahali fulani katikati ya miaka hiyo dume mwingine mwenye kichwa kilichopauka aliingia na jina likahamia kwake. Wengine waliomtazama kila siku wanashikilia kuwa ni yeye. Hakuwa na pete mguuni, kwa hiyo ubishi hauna pa kuishia.

Mimi nauona ubishi huo kuwa na maana kubwa. Kichwa kilichopauka ni alama moja tu, tena ni alama ya kiasi: kupauka kuliko kawaida kwa kiasi gani? Ndege mwingine anaweza kuwa nayo, hasa ikiwa ni mtoto wake. Ndiyo sababu nimejiwekea kanuni kwamba ndege hapati jina katika daftari langu mpaka awe na alama mbili za maisha zisizotegemeana, kwa mfano koo na doa la kiwiko, pamoja na himaya. Alama moja na himaya, naandika "huenda". Himaya peke yake, naandika "jozi ya mahali fulani", basi.

Na pete je?

Mtu atauliza kwa nini tujisumbue hivyo wakati pete ipo. Ni kweli kwamba hakuna kinachoishinda pete kwa uhakika. Namba haibadiliki manyoya yanapodondoka. Rekodi ile ya Michigan isingekuwepo bila pete. Pete za rangi zenye herufi kubwa husomeka kwa darubini nzuri bila kumkamata ndege tena, na vibandiko vya bawani husomeka kutoka mbali zaidi. Kifaa cha setilaiti hukuonesha hata ndege akiwa mahali usipoweza kufika.

Lakini bei yake si ya fedha tu. Mwaka 2011, mjini New York huohuo, jike aliyeitwa Violet alitaga kwenye dirisha la ofisi ya rais wa Chuo Kikuu cha New York mbele ya kamera iliyotazamwa na maelfu ya watu. Alikuwa na pete ya chuma mguuni, na mguu ule ukavimba. Wataalamu walijadiliana kama wamkamate waitoe. Wakaona kumtoa kiotani akiwa na kinda ni hatari kubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka mguu ulikuwa umeharibika, akakamatwa, na alikufa baada ya upasuaji. Mambo kama hayo ni nadra, na pete inayofaa kwa ukubwa wa mguu haidhuru. Hata hivyo anayetaka kumvisha ndege kitu awe na sababu inayolingana na hatari hiyo.

Kuhusu kifaa cha setilaiti, desturi ya watafiti wengi ni kisizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Shakevale ana uzito wa kilo moja hivi, maana yake gramu 30 pamoja na mikanda yake. Na Kenya, kumkamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kwa msomaji wa kawaida, basi, pete si chaguo la kufanya mwenyewe. Ni zawadi unayoikuta. Ukimwona ndege mwenye pete mpige picha mguu, na ukimkuta amekufa andika namba na tarehe, uwapelekee watu wa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Ndege wako ni yupi?

Ushauri wa kuanza na manyoya unamfaa shakevale mweupe, na unabadilika ukibadilisha ndege.

Kwazi, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe na mlio unaojaza Naivasha nzima, ni kinyume chake. Akishakuwa mzima, kwenye mwaka wa tano hivi, kichwa na kifua huwa cheupe na tumbo la kahawia nyekundu, na wote hufanana. Ufukwe umegawanywa kama viwanja, kila jozi na miti yake. Kwa kwazi tumia himaya, ukubali kwamba unahesabu jozi.

Tai pungu, mwenye mkia mfupi hata unafikiri hana, hukupa jinsia papo hapo: ukimtazama kwa chini, dume ana ukingo mpana mweusi nyuma ya bawa, jike ana utepe mwembamba. Hilo ni nusu ya kazi. Himaya zake ni pana mno kwa mtu anayetembea kwa miguu, basi baada ya jinsia tegemea mapengo ya manyoya na usitarajie kumfuata zaidi ya msimu.

Tai mkubwa wa mbuga mwenye kifua cheupe kilichonyunyiziwa madoa, Polemaetus bellicosus, ameandikwa kitambulisho mwilini. Madoa hayo hutofautiana kutoka ndege mmoja hadi mwingine, na picha moja safi ya kifua ina thamani ya mwaka mzima wa ramani. Hapa manyoya yanashinda bila mjadala.

Mwewe wenyewe, wale wa mkia wenye panda wanaozunguka juu ya masoko na majalala ya miji yetu, wasikuchoshe. Wanakusanyika kwa makumi, rangi moja ya kahawia, wanakuja na kuondoka. Unaweza kumjua mmoja mwenye bawa lililotoboka kwa mwezi mmoja, na hapo umefika mwisho.

Ukianza kesho

Kama una simu na daftari tu, chagua himaya, na chagua chache: jozi tatu unazoweza kuzipita kila juma ni bora kuliko kumi unazoziona mara mbili kwa mwaka. Andika jozi kwa mahali, usimpe yeyote jina la mtu. Jina likishatolewa, jicho huanza kulitafutia ushahidi.

Kama una kamera yenye lenzi ndefu, tumia miezi miwili ya kwanza kwa ramani, usipige picha ovyo. Ukishajua ndege hukaa wapi saa ngapi, nenda asubuhi jua likiwa mgongoni mwako. Lenga kupata picha nne za kila ndege: koo akiwa amekaa, bawa la kushoto kwa chini, la kulia kwa chini, na mkia uliofunguka. Zihifadhi zikiwa na tarehe ndani ya jina la faili. Kila baada ya miezi sita ziweke za sasa kando ya zile za kwanza kabisa, si kando ya za mwezi uliopita, maana mabadiliko ya polepole hujificha kati ya picha zinazokaribiana. Ningefanya hivyo mapema ningejua jike wa korongoni amebadilika ndani ya miezi, si baada ya miaka mitatu.

Na kwa vyovyote utakavyochagua, mahali pa kiota usipaweke hadharani. Himaya ndiyo njia rahisi ya kumpata ndege, kwako na kwa mwingine aliyekasirikia kuku wake akashika chupa ya sumu. Picha ya koo unaweza kuituma popote. Ramani ibaki ndani ya daftari.